Sindano ya ndani ya jicho: mwongozo kamili kwa wahudumu wa kliniki za macho Mombasa na Pwani

Sindano ya jicho yenyewe huchukua sekunde chache. Mgonjwa akishalala na kope zikapanuliwa, daktari hupima, hudunga, hutoa, basi. Ndiyo maana wengi wanaoanza kazi hii huweka akili yote kwenye sindano: ielekee wapi, izame kiasi gani, mkono usitetemeke. Hayo yana uzito wake, lakini jicho linaloharibika baada ya sindano mara nyingi haliharibiwi na mkono uliotetemeka. Huharibiwa na vijidudu, na vijidudu hivyo hasa hupita njia tatu: dawa iliyochafuka kabla haijafika mkononi mwetu, kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe, na midomo yetu sisi tuliomwinamia. Mwongozo huu unazifuata njia hizo moja baada ya nyingine, kisha unaeleza la kufanya jicho likianza kuuma mgonjwa akiwa kwao Likoni au Lamu.

Nauandika kwa wauguzi, maafisa tabibu wa macho, wafamasia na madaktari walio mafunzoni. Si ruhusa ya mtu kujaribu peke yake. Sindano hii hudungwa na daktari wa macho au mhudumu aliyefunzwa na kuidhinishwa, tena mahali ambapo tatizo likitokea kuna wa kulikabili. Taratibu za kituo chako zikiwa kali kuliko ninayosema hapa, fuata za kituo.

Nani adungwe, nani asubiri

Nyuma ya lenzi jicho limejaa ute mzito. Dawa ikiwekwa ndani ya ute huo hufika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kwa kiwango ambacho tone wala kidonge hakiwezi kukifikisha. Wagonjwa wetu wengi ni wa kisukari: mishipa myembamba ya retina imeanza kuvuja, sehemu ya katikati ya kuonea imevimba, na mtu aliyekuwa akisoma msahafu bila shida sasa anaona mistari imepinda. Wengine mshipa wa retina umeziba, wengine ni uzee wa retina, na wako pia watoto njiti ambao mishipa yao ya retina haikukomaa. Dawa tunazotumia zaidi ni Avastin, Lucentis na Eylea, ambazo huzuia protini ya VEGF inayochochea mishipa kuota ovyo na kuvuja. Mara nyingine daktari huchagua steroidi kama triamsinoloni.

Kabla ya kumpanga mtu, mtazame kope kwa karibu. Akiwa na chokea, kope zilizovimba na kujaa magamba, matongo ya manjano au macho mekundu yanayowasha, hiyo si siku yake. Mtibu kwanza, mrudishe baadaye. Najua ni vigumu kumwambia hivyo mtu aliyetoka Hola usiku kwa basi, lakini kudunga juu ya kope chafu ni kuvisukuma vijidudu ndani kwa mkono wako.

Muulize kama amewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo miezi ya karibuni, kwa sababu kiasi kidogo cha dawa huingia damuni, na daktari ndiye ataamua. Mwanamke muulize kwa staha kama ana mimba au ananyonyesha. Dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, kama aspirini na warfarini, kwa kawaida hazisimamishwi kwa ajili ya sindano hii. Kuzisimamisha kunaweza kumletea kiharusi mtu aliyekuja kutibiwa jicho.

Na mwambie ale. Wagonjwa wengi wa kisukari hufika asubuhi hawajatia kitu mdomoni kwa sababu wamesikia neno operesheni, na wakati huohuo wamejidunga insulini yao. Hapa hakuna usingizi wa dawa. Mtu ale kama kawaida, anywe dawa zake kama kawaida, na ukimwona anatoka jasho jembamba na mikono inamtetemeka kwenye benchi, pima sukari kwanza.

Anayehitaji macho yote mawili siku moja huhesabiwa kama wagonjwa wawili: vifaa vipya, glavu mpya, iodini mpya, na ikiwezekana dawa ya toleo jingine, yaani iliyotengenezwa au kugawanywa kwa mkupuo mwingine. Dawa ikiwa na kasoro, afadhali iguse jicho moja.

Mazungumzo kabla ya idhini

Kuna swali ambalo wazee huliuliza kwa sauti ya chini, na hulisikia muuguzi kabla ya daktari: "Mwanangu, hiyo sindano itaniingia mpaka wapi?" Usilipite juu juu. Mjibu: "Bibi, inapita kwenye weupe wa jicho, pembeni, si kwenye mboni. Tutakutia dawa ya ganzi. Utahisi kitu kimekubonyeza, na huenda ukaona kama moshi au mapovu yanaelea. Hutaiona sindano ikija mbele ya jicho." Mtu aliyeelezwa hivyo hulala kimya, na mgonjwa aliyetulia ni nusu ya usalama wenyewe.

Mweleze na hatari bila kuzificha. Maambukizi ndani ya jicho hutokea takriban mara moja katika kila sindano 2,000 hadi 3,000 pale utaratibu unapofuatwa vizuri. Ni machache, lakini yanaweza kuchukua uoni wote. Zipo pia hatari za retina kuchanika, lenzi kuguswa, damu kuvuja ndani na presha ya jicho kupanda. Tena aelewe kwamba sindano moja haitoshi. Kwa kawaida huanza na kadhaa za kila mwezi, kisha daktari hupima na kuziachanisha. Wanaopotea baada ya sindano ya kwanza kwa sababu waliona nafuu ni wengi mno, na retina ikianza kuvuja tena haimngoji mtu apate nauli.

Mwezi wa Ramadhani miadi hutoroka. Usibishane na mtu kuhusu swaumu yake. Mweleze kwamba dawa haipiti tumboni na si chakula, umshauri amuulize sheikh wake mapema kabla mwezi haujaandama, na mpe nafasi ya miadi inayomfaa. Lililo baya ni kumwacha akae mpaka Shawwal kimyakimya.

Njia ya kwanza: dawa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo jicho linaweza kupotea kabla mtu hajavaa glavu.

Avastin, yaani bevasizumabu, ilitengenezwa kwa ajili ya saratani. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, na mwaka uliofuata madaktari wa macho wakaanza kuijaribu ndani ya jicho. Utafiti wa CATT wa Marekani, uliotoa matokeo yake ya mwaka wa kwanza 2011, ulionyesha kuwa kwa uzee wa retina inarudisha uoni sawa na Lucentis, nayo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha. Shirika la Afya Duniani liliitia kwenye orodha ya dawa muhimu kwa matumizi ya jicho mwaka 2013. Kwa nchi kama yetu hiyo ni neema, sitaki mtu asome mwongozo huu aiogope dawa.

Shida iko kwenye chupa. Chupa ya miligramu 100 ina mililita 4, na jicho moja linahitaji miligramu 1.25 tu, yaani mililita 0.05. Kwa hiyo chupa hugawanywa kwenye sirinji nyingi, na ndani ya dawa hakuna kihifadhi chochote cha kuzuia vijidudu kuzaana. Kijidudu kimoja kikiingia wakati wa kugawanya, sirinji zote zimeharibika, na wagonjwa wa siku nzima wako hatarini pamoja. Mwaka 2011 huko Florida watu 12 waliambukizwa macho kwa sirinji zilizogawanywa mahali pamoja, na kijidudu kilichopatikana ni cha jamii ya streptokoka wanaoishi mdomoni mwa binadamu. Mwaka 2023 mkoa wa Punjab nchini Pakistan ulipata msiba wa namna hiyo, makumi ya watu wakaharibika macho.

Kwa hiyo kugawanya ni kazi ya mfamasia aliyefunzwa, ndani ya kabati la hewa safi, amevaa barakoa na glavu tasa, na chupa ikitobolewa mara moja tu. Haifanywi kwenye meza ya kliniki. Usikubali desturi ya chupa iliyofunguliwa kurudishwa kwenye friji na kutobolewa tena Jumatano ijayo, hata ukiambiwa ni kuwahurumia wasio na pesa. Maskini aliyepofushwa hakuhurumiwa. Njia halali ya kupunguza gharama ni kuwakusanya wagonjwa siku moja ili chupa igawanywe mara moja na kuisha.

Kila sirinji inayofika kwako iwe na jina la dawa, kipimo, namba ya toleo la chupa, tarehe ya kugawanywa na tarehe ya mwisho. Isiyo na karatasi hiyo usiipokee. Ichunguze kwenye mwanga: ikiwa na ukungu, nyuzinyuzi au chembe, iweke kando na umwite mfamasia. Usiitikise wala kuigonga kwa kucha kama sirinji ya kawaida, kwa sababu kugonga huachia matone ya mafuta ya silikoni yaliyopakwa ndani ya sirinji, nayo yakiingia jichoni mgonjwa huyaona yakielea miezi mingi.

Joto letu nalo ni adui. Dawa hizi hukaa nyuzi 2 hadi 8, hazigandishwi, na hukingwa na mwanga. Wakati wa kaskazi, stima ikipotea saa sita mchana, friji ya kliniki haikai baridi muda mrefu, hasa kila mtu anapoifungua kuangalia kama bado ina baridi. Weka kipimajoto ndani, andika kipimo asubuhi na jioni, kuwe na kisanduku cha baridi tayari, na usihifadhi soda wala chakula humo. Dawa ikishapata joto, uamuzi wa kuitumia au kuitupa ni wa mfamasia, si wa mtu aliyeishika akaona bado ina ubaridi. Inaposafirishwa kutoka famasia ya mjini hadi Mtwapa au Ukunda, isafiri kwenye kisanduku hicho, barafu isiguse sirinji.

Chumba

Si lazima iwe thieta. Chumba safi chenye mlango unaofungwa, kitanda kinacholala bapa, taa nzuri na sinki la kunawia mikono kinatosha. Zima pangaboi kabla ya kufungua trei, hata kama jasho linakutoka. Kiyoyozi kisielekezwe kwenye meza ya vifaa. Jamaa wa mgonjwa wangoje nje, isipokuwa mmoja kwa mtoto au mtu mwenye hofu kubwa, naye avae barakoa. Simu ziachwe nje ya chumba.

Jicho gani?

Muulize mgonjwa, "Tunadunga jicho gani leo?" Usimuulize, "Ni la kulia, sivyo?" Wazee wetu kwa adabu watakuitikia ndiyo hata ukikosea, maana daktari hapingwi. Akishajibu kwa mdomo wake, linganisha na faili, kisha na fomu ya idhini, halafu weka alama ya kalamu juu ya nyusi za upande huo. Kabla ya spekulamu, kile chuma cha kuziweka kope wazi, kuingia, yule anayedunga na yule anayesaidia watamke wote wawili: jina, jicho, dawa, kipimo. Hayo ndiyo maneno ya mwisho kusemwa mpaka sindano itoke.

Njia ya pili: kope na ngozi

Vijidudu vinavyoshika ndani ya jicho mara nyingi ni vya mgonjwa mwenyewe, vile vinavyoishi kwenye kope zake kila siku bila madhara. Kinachoviua ni iodini. Si dawa ya antibiotiki ya matone, si kukata nywele za kope, ni povidoni iodini iliyopewa muda wa kufanya kazi.

Kwanza ondoa wanja. Kwa mama zetu wa Mji wa Kale wanja ni sehemu ya kujisitiri na kujipamba, na aliyejipaka asubuhi hiyo ana mabaki yake katikati ya nywele za kope. Waambie siku ya kuweka miadi waje bila wanja, na aliyesahau msafishe taratibu kwa pamba na maji tasa. Usizikande kope kwa nguvu wala kuzibinya, kwa sababu kubinya hutoa mafuta yenye vijidudu kutoka kwenye vitundu vya kope.

Baada ya hapo mtie matone ya ganzi, usubiri, uyarudie. Ganzi ikishika, pakaa iodini ya asilimia 10 kwenye ngozi ya kope na nywele zake, kisha tia matone ya asilimia 5 ndani ya jicho. Ikiwa mlicho nacho ni cha asilimia 10 pekee, famasia iyachanganye sawa kwa sawa na maji ya chumvi tasa. Hakikisha ni ile ya majimaji ya kawaida. Ile ya sabuni, ya kunawia mikono thieta, huunguza konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, na chupa zake hufanana. Soma kibandiko kila mara, hata kama ulikisoma jana.

Ukitumia ganzi ya jeli, iodini itangulie. Jeli hufunika utando wa jicho na kuizuia iodini isifike, kwa hiyo anayeweka jeli kwanza amevijengea vijidudu paa. Tia iodini, kisha jeli, kisha iodini tena.

Weka spekulamu, uhakikishe nywele za kope zimefichwa nyuma ya chuma na hazitokezi mahali sindano itakapopita. Tia tone jingine la iodini pale hasa patakapodungwa. Halafu ngoja. Angalau sekunde 30, na mimi napendelea zaidi ya hapo kidogo. Tazama saa ya ukutani, usihesabu kwa mdomo. Foleni ikiwa ndefu na watu wanagonga mlango, sekunde hizi ndizo za kwanza kuibiwa, na hizi ndizo zisizostahili kuibiwa hata mara moja.

Kila wiki kuna atakayesema ana aleji ya iodini. Muulize ilimtokea nini. Ukisikia "naumwa nikila kamba" au "pweza hunivimbisha midomo," hiyo ni aleji ya vyakula vya baharini na haihusiani na iodini ya jicho. Ukisikia "iliniwasha usiku kucha," huo ni mwasho, nao dawa yake ni kusafisha jicho vizuri baada ya sindano. Wachache kweli wana aleji ya kugusa, ngozi inavimba na kutoka vipele. Hao daktari anaweza kuwatumia klorheksidini ya majimaji ya asilimia 0.05 hadi 0.1, isiyo na spiriti wala sabuni. Kumdunga mtu bila kitu chochote, au kwa antibiotiki badala ya iodini, si chaguo.

Njia ya tatu: midomo

Mate yetu yana streptokoka, na wakiingia ndani ya jicho huliharibu haraka na vibaya kuliko vijidudu vya ngozi. Wote wavae barakoa inayofunika pua, na wakati wa kudunga watu wanyamaze. Daktari akiwa na la kusema, alimalize kabla. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, ondoka mezani.

Pumzi ya mgonjwa nayo ina njia yake. Akiwa amevaa barakoa isiyobana juu, au nikabu, pumzi hupanda moja kwa moja kuelekea jichoni. Barakoa yake bandika ukingo wa juu kwa plasta. Mwanamke mwenye nikabu aelezwe sababu, apewe muuguzi wa kike na pazia, ateremshe nikabu mpaka chini ya kidevu, na uso ufunikwe kwa kitambaa tasa chenye tundu la jicho. Sijaona mtu anayekataa akielezwa kwa heshima. Wanaokataa ni walioamriwa.

Kudunga

Nawa mikono, vaa glavu tasa. Sindano iwe nyembamba, geji 30 au zaidi. Toa hewa na dawa ya ziada mpaka kwenye alama ya mililita 0.05, ukitazama sirinji usawa wa macho. Kudunga sirinji yote kwa kusahau hatua hii humpa mgonjwa kipimo maradufu au zaidi na kuipandisha presha ya jicho papo hapo. Triamsinoloni kwa kawaida ni miligramu 4 ndani ya mililita 0.1.

Pima kwa kalipa, kile kipimo cha milimita chenye ncha mbili, kutoka ukingo wa konea: milimita 4 kwa mwenye lenzi yake ya asili, milimita 3.5 kwa aliyeondolewa mtoto wa jicho. Ukija mbele zaidi unaikuta lenzi, ukirudi nyuma zaidi unaikuta retina. Wengi huchagua upande wa nje, chini au juu, katikati ya misuli. Mgonjwa aangalie upande ulio kinyume, na apewe kitu cha kutazama, kwa mfano pembe ya dari, maana "angalia juu" pekee humfanya azungushe jicho akikutafuta.

Ingiza sindano ikielekea katikati ya jicho, si kuelekea lenzi. Sukuma dawa taratibu, toa sindano kwa njia ileile, gusa tundu kwa kijiti cha pamba tasa kwa muda mfupi. Ncha ya sindano ikigusa kope, spekulamu au kidole kabla ya kuingia, itupe uchukue nyingine. Sindano iliyotumika haivishwi kifuniko, inaingia moja kwa moja kwenye kisanduku cha vitu vya ncha kali.

Dakika za kwanza

Kabla hajainuka, nyoosha vidole mbele ya jicho lililodungwa umuulize ni vingapi. Akihesabu, damu inafika kwenye retina. Akiona mkono ukipunga tu, mngoje na umjaribu tena mara moja. Akisema haoni hata mwanga wa tochi, presha imeibana mishipa ya retina na hiyo ni dharura ya dakika, si ya saa: daktari hutoa maji kidogo ya mbele ya jicho kwa sindano nyembamba ili presha ishuke. Sindano hiyo iwe mezani tangu mwanzo, haitafutwi wakati huo. Mwenye glakoma, yaani ugonjwa wa presha ya jicho, apimwe presha tena kabla ya kuruhusiwa.

Kisha safisha iodini kwa maji tasa ya chumvi, mengi, mpaka maji yanayotoka hayana rangi. Hatua hii huonekana ndogo kwetu, lakini mgonjwa aliyelala akilia kwa mwasho ndiye asiyerudi mwezi ujao. Machozi ya bandia yanasaidia.

Antibiotiki za matone za siku nne au tano hazihitajiki. Hazijaonyesha kupunguza maambukizi, na kuzitumia kila mwezi huwafuga vijidudu sugu kwenye kope zilezile tutakazozidunga tena. Najua wagonjwa huzitaka, na baadhi yetu tumezoea kuziandika. Fedha hiyo afadhali awe nayo ya nauli ya kurudi jicho likimsumbua.

Maneno ya kumpa akienda nyumbani

Mwambie mbele ya jamaa yake, kisha mwandikie. Weupe wa jicho unaweza kuwa na doa jekundu la damu pale palipodungwa. Linatisha kwenye kioo lakini haliumi, na hupotea ndani ya wiki moja au mbili. Vijiduara vyeusi anavyoviona vikielea upande wa chini wa anachokitazama ni mapovu ya hewa, huisha siku moja au mbili. Jicho kukwaruza kama lina mchanga usiku wa kwanza ni iodini.

Asilifikiche. Siku chache za mwanzo asiogelee baharini wala kwenye bwawa, asipake wanja, na maji ya kunawia uso yasiingie jichoni. Namna ya kutawadha akiwa na udhuru huo imamu wake atamwelekeza. Asitie asali, maziwa ya mama, wala majani ya aina yoyote.

Sasa la muhimu kuliko yote, na ulirudie mpaka ayataje yeye mwenyewe: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, uoni unaofifia baada ya kuwa mzuri, jicho linalozidi kuwa jekundu, mwanga unaomchoma, vitu vipya vingi vinavyoelea au pazia linaloshuka. Maambukizi mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki ya kwanza, hasa siku ya pili hadi ya tano. Akiona mojawapo, apige simu saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni sikukuu. Asingoje miadi, asiende duka la dawa kununua matone.

Namba ya simu uiandike kwa tarakimu kubwa, iwe na mtu anayeipokea kweli, na umwombe mgonjwa aipige mbele yako ili uone inaita. Mgonjwa wa mbali mpigie wewe siku ya tatu. Muulize maswali mawili: jicho linauma zaidi au linapungua, na je, anauona uso wa mtu aliyekaa naye kama alivyouona juzi.

Jicho likiuma

Ikishapita siku ya kwanza, usimwambie mtu ni iodini bila kumwona. Aje siku hiyohiyo, hata kama atalazimika kukesha kivukoni. Ukimkuta na maumivu, uoni umeshuka, na usaha mweupe umetulia chini mbele ya jicho, huyo ana maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo. Kumpa matone na kumrudisha nyumbani ni kulipoteza jicho.

Daktari huchukua sampuli ya ute wa ndani, na papo hapo hudunga antibiotiki ndani ya jicho: vankomaisini miligramu 1 katika mililita 0.1 na seftazidimu miligramu 2.25 katika mililita 0.1, kila moja kwa sirinji yake. Majibu ya maabara hayangojwi. Baadhi huhitaji upasuaji wa kuuondoa ute. Kwa hiyo kila kituo kinachodunga kiwe na dawa hizi mbili kwenye kabati, karatasi ya namna ya kuzichanganya iwe imebandikwa mlangoni, na kijue tangu sasa mpasuaji wa retina aliye karibu ni nani na anapatikana kwa namba gani. Vituo vya Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu visifikirie safari ya Mombasa siku mgonjwa anapofika. Iwe imepangwa.

Wakati daktari anahangaika na jicho hilo, muuguzi afungue daftari. Ndiyo maana kwa kila sindano tunaandika jina, jicho, dawa, kipimo, namba ya toleo, tarehe ya mwisho, saa, na aliyedunga. Tafuta wote waliopata toleo lile. Simamisha sirinji zilizobaki, usizitupe, ziweke kwenye friji zikiwa na alama ya kutotumika ili zipelekwe kupimwa. Mjulishe mfamasia, na taarifa ipelekwe Bodi ya Dawa na Sumu. Halafu wapigie simu wagonjwa waliobaki mmoja mmoja, jioni hiyohiyo, kuanzia aliye mbali zaidi, kwa sababu yeye ndiye atakayehitaji muda mwingi kufika.